Maswali ya Bahari: Mwani si Nyasi, na Tumbawe si Jiwe

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Tanga zinauliza majina: kipi kiitwe nini, na kwa nini kitabu na mvuvi hawakubaliani. Tumejibu tano.

Wanafunzi wangu huita kila jani la majini "mwani". Kitabu kinatenganisha mwani na nyasi bahari. Nitawaonyeshaje tofauti, na tunaweza kupima wenyewe bila vifaa vya gharama? (Mwalimu wa Biolojia, Chumbageni)

Mwalimu, ng'oeni mche mmoja wa kila aina mtazame chini. Nyasi bahari ina mizizi ya kweli, shina linalotambaa ndani ya mchanga na majani yenye mishipa, na hutoa maua na mbegu humohumo majini. Mwani hauna mzizi. Una kishikio tu kinachong'ang'ania jiwe au ganda, na chakula hukifyonza kwa mwili mzima. Ndiyo maana mkulima hufunga kipande cha mwani kwenye kamba kati ya vigingi viwili nacho kikakua. Nyasi bahari ukiifunga hivyo haifiki popote.

Rangi isiwadanganye. Upo mwani wa kijani, wa kahawia na mwekundu, na spinosam na kotonii zinazolimwa ni za kundi la mwani mwekundu hata zikionekana za kijani.

Kwa kupima, tengenezeni kiunzi cha mraba, sentimita 50 kwa 50, kwa bomba la plastiki la nusu inchi na kona nne. Litoboeni matundu kadhaa, la sivyo litaelea. Pitisheni nyuzi nne kwa urefu na nne kwa upana, kila uzi sentimita 10 kutoka kwa mwenzake. Mtapata vyumba 25, kila kimoja asilimia 4 ya kiunzi. Tandazeni kamba ya mita 50 kutoka ufukweni kuelekea majini, mweke kiunzi mwanzo wa kamba na kila baada ya mita 5. Andikeni vyumba vingapi vina nyasi, vingapi mwani, vingapi mchanga mtupu.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni siku iliyochaguliwa. Nendeni wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Siku hizo maji ya Tanga hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 au zaidi. Fikeni dakika 90 kabla ya maji kupwa kabisa, mfuate maji yakitoka. Yakigeuka, nanyi geukeni. Maji huchelewa takribani dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya Jumatatu haifai Alhamisi, na wiki moja baadaye ni maji mafu: sehemu kubwa ya nyasi haitoki nje kabisa.

Kosa la pili ni kusogeza kiunzi penye nyasi nzuri. Kiweke pale kamba inaposema, hata kama ni mchanga mtupu, maana mchanga nao ni jibu. Viatu vya soli ngumu ni lazima, kwa ajili ya miiba na taa waliojifukia.

Tumbawe ni jiwe, mmea au mnyama? Na yale meupe yamekufa? (Mwanafunzi, Raskazone)

Mnyama, ingawa ukijibu "vyote vitatu" hujasema uongo mkubwa. Mnyama mwenyewe ni polipu, kifuko laini chenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri midogo. Chini yake hujijengea kikombe cha chokaa, na vikombe maelfu vikishikamana ndilo jiwe unaloliona. Ndani ya nyama yake huishi mwani wa chembe moja unaotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari. Humo polipu hupata sehemu kubwa ya chakula chake, na rangi yake pia. Kwetu pwani jina lilizoea jiwe kwanza: matumbawe yaliyochongwa yangali laini yamo katika magofu ya Tongoni, na chokaa ya majengo ya kale ilichomwa kutokana nayo.

Joto la maji likipanda nyuzi 1 tu ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto, na likakaa hivyo wiki kadhaa, polipu huutoa ule mwani. Nyama yenyewe haina rangi, hivyo unaona chokaa iliyo chini. Huko ndiko kupauka, na si kufa bado. Pwani yetu ilipauka vibaya mwaka 1998. Kutofautisha, sogea karibu bila kugusa: lililopauka ni jeupe safi na bado lina utando wa nyama juu ya vikombe, lakini lililokufa halikai siku nyingi kabla ya kufunikwa na ukoga wa kijani au kahawia. Maji yakipoa mapema, lililopauka laweza kupona. Lililovunjwa kwa baruti halina bahati hiyo, kwani matumbawe ya mviringo hukua karibu sentimita 1 tu kwa mwaka.

Mwanangu anasema pomboo si samaki. Nani kakosea? (Mchuuzi, soko la Deep Sea)

Mwanao yuko sahihi. Tazama mkia: wa papa au nguru umesimama wima, hupiga kushoto na kulia, wa pomboo, nyangumi na nguva umelala bapa, hupiga juu na chini. Hao wa mkia bapa huvuta hewa kwa mapafu na hunyonyesha. Pweza na ngisi nao si samaki, ni jamaa wa konokono na chaza, ila ukiwaweka meza ya samaki hakuna atakayelalamika. Pomboo, nguva na kasa wasifike mezani kabisa, sheria inawalinda.

Tulipanda mkoko kwenye tope mbele ya miti iliyopo. Baada ya miezi mitatu karibu yote imekufa. (Kikundi cha vijana, Sahare)

Mmepanda mti mzuri mahali pa mti mwingine. "Mikoko" ni jina la msitu mzima, lakini mkoko ni mti mmoja, ule wa mizizi inayosimama kama mikongojo. Mbele kabisa panapopigwa na mawimbi ni pa mlilana. Mkoko hufuata nyuma yake, hasa kandokando ya vijito vya tope laini, na mkandaa hupenda palipoinuka. Mchu, mwenye mizizi inayochomoza kama penseli na majani yenye chumvi ukiyalamba, huvumilia mbele na nyuma. Mche wa mkoko ukiwa mbele hukaa majini saa nyingi mno, makombe madogo huvamia shina na kulilemea, kisha wimbi humalizia.

Mbegu iliyokomaa ina pete ya manjano karibu na kofia na hutoka bila kuvutwa sana. Zenye matundu ya wadudu tupeni. Kitalu hakihitajiki: chomekeni ncha iliyochongoka chini, theluthi moja ya urefu ndani ya tope, mita 1 hadi 1.5 kati ya mche na mche. Penye miche iliyoota yenyewe msipande kitu.

Silikanti ni nini hasa, hata hifadhi ipewe jina lake? (Msomaji, Kigombe)

Ni samaki mwenye mapezi ya nyama na mifupa ndani, kama viguu vifupi. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu na kudhani alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga alianza kunaswa mara kwa mara miaka ya 2000, kwenye majarife (nyavu) ya papa yaliyotegwa kina kirefu, na hifadhi ikatangazwa mwaka 2009. Mchana hujificha katika mapango ya mteremko wa mwamba, usiku hutoka kuwinda. Akishapandishwa kutoka kina hicho hadi maji ya juu yenye joto, kumrudisha mara nyingi hakumwokoi, kwa hiyo jarife la kina lisitegwe kwenye mteremko huo.