Diklofenaki inayopotea kwenye katriji ya C18

Ukikusanya diklofenaki, dawa ya maumivu, kutoka maji ya mto kwa katriji ya C18 (mrija mdogo wenye unga unaonasa vitu visivyo na chaji) na ukapata pungufu, mara nyingi tatizo ni pH, yaani kipimo cha asidi, si katriji. Diklofenaki ni asidi dhaifu, pKa yake (pH ambapo nusu yake huwa na chaji) iko karibu na 4, kwa hiyo kwenye maji ya mto yenye pH 7 karibu yote ina chaji hasi na C18 haiikamati vizuri. Inapita na maji. Shusha sampuli hadi pH 2 au 3 kabla ya kuipitisha, na maji ya kuoshea yawe na pH hiyohiyo. Lowesha katriji kwa methanoli, kisha maji yenye asidi, na usiiache ikauke kabla sampuli haijaingia. Hapo ndipo wengi huharibu! Pitisha polepole, matone yahesabike. Wakati wa kuitoa dawa kwenye katriji, mimina methanoli mara mbili kidogokidogo badala ya mara moja, na uiache ikae dakika moja ndani.

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, na kipimo kinachosema ukweli ni kuhifadhi maji yaliyopita, ya kuoshea na methanoli, kisha kupima kila kimoja peke yake. Utaona dawa ilikotorokea. Ikiwa haipo popote, ongeza kiasi unachokijua kwenye methanoli ya mwisho: kikisomeka pungufu nacho, uchafu wa sampuli unafifisha ishara ya mashine ya kupimia.

Ila usiache sampuli yenye asidi ilale hadi kesho, diklofenaki huanza kubadilika umbo humo.