Askofu kuwa mkubwa wa serikali, Kanisa liliruhusu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padri. Nasoma historia ya Uingereza nimekutana na Hubert Walter, askofu mkuu wa Canterbury ambaye hapo hapo alikuwa anaendesha serikali ya mfalme. Kanisa liliruhusu kweli? Na huyu alikuwa mchungaji au mwanasiasa tu aliyevaa kanzu?

JIBU: Milele na milele, amina. Mwanangu, kuruhusu hapana, ila lilivumilia sana. Zama zile waliojua kuandika Kilatini karibu wote walikuwa watu wa Kanisa na nyaraka za serikali zilikuwa kwa Kilatini, sasa mfalme akitaka karani atampata wapi? Halafu badala ya kumlipa mshahara anampa cheo cha Kanisa chenye mapato, anakula huko huko. Hubert alipita njia hiyo, akawa askofu wa Salisbury 1189, Canterbury 1193, na mwisho wa mwaka huo mfalme Richard akamfanya jaji mkuu, yaani mfalme asipokuwepo nchi yote iko mikononi mwake, na Richard alikuwa hayupo karibu muda wote.

Na kazi aliiweza jamani. Kuanzia 1195 makubaliano ya ardhi mahakamani yakawa yanaandikwa nakala tatu, kila upande na yake, ya tatu inabaki hazina ya mfalme, ili mnyonge asije akageuziwa maneno baadaye.

Tatizo likaja 1196. London kulikuwa na mtu anaitwa William FitzOsbert, analalamika kwamba mzigo wa kodi wanabebeshwa maskini, watu wakamfuata wengi. Alipokaribia kukamatwa akakimbilia kanisa la St Mary-le-Bow, na mtu akishaingia kanisani kwa sheria ya wakati ule haguswi. Hubert akaagiza litiwe moto, moshi ukamtoa, akanyongwa na wenzake tisa. Hebu fikiria, kama askofu mkuu yeye ndiye alitakiwa asimame mlangoni awazuie askari, kama jaji mkuu yeye ndiye aliyewatuma! Mtu mmoja hawezi kuwa pande zote mbili za mlango ule. Na kanisa lenyewe lilikuwa la watawa wa Canterbury, wakashtaki Roma, na 1198 Papa Innocent III akataka aondolewe kwenye kazi za serikali, Hubert akaachia ujaji mkuu.

Na katazo halikuwa geni, Mtaguso wa Laterani wa 1179 ulishawakataza mapadri kuwa watumishi wa mahakama za wafalme. Leo iko wazi zaidi, kanuni ya 285 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inawakataza wakleri, yaani watu wa daraja takatifu kama mapadri na maaskofu, kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya kiserikali.

Ila mwanasiasa tu siwezi kumwita. Kwenye vita ya msalaba kule Akka, mji wa pwani ya Nchi Takatifu, askari maskini wanakufa njaa, yeye ndiye aliyehangaika kuwachangishia chakula, na baadaye akamwomba Sultani Saladin mwenyewe mapadri wa Kilatini waruhusiwe kuhudumu Kaburi Takatifu, Bethlehemu na Nazareti, akakubaliwa. Huo ni moyo wa mchungaji. Kinachoniuma ni kwamba baada ya onyo lote lile, mwaka 1199 mfalme John alipomwita awe kansela, yaani mkuu wa makarani na mtunza muhuri wa mfalme, alikubali tena, akabaki nacho hicho cheo mpaka anakufa Julai 1205.