Usingoje mtoto alie ndipo umpe dawa

Juzi usiku dada mmoja aliniandikia. Mwanawe katolewa mafindofindo, ni siku ya tano, hataki hata maji, analia kashika sikio. "Au wamemharibu?" Nilimjibu palepale, maana nami nilipita hapo na binti yangu.

Siku mbili za mwanzo binti yangu alicheza, akaomba aiskrimu. Nikajiona mama hodari, nikaacha dawa: nitampa akilalamika. Usiku wa siku ya nne nikamkuta kakaa kitandani, mate yanamdondoka kwa kuogopa kuyameza, midomo imekauka, tangu mchana hajakojoa. Wifi yangu akasema mbele za watu kwamba nimempeleka mtoto kuchinjwa. Neno lile halijanitoka hadi leo.

Hospitali walimtundikia dripu, na daktari akanieleza ambacho ningepaswa kukijua. Koo huzidi kuuma kuanzia siku ya tatu hivi, na maumivu yaweza kufika wiki mbili. Sikio linauma kwa sababu neva ya koo hupeleka maumivu huko. Weupe kooni na harufu mbaya ni kidonda kinachopona.

Basi dawa ni kwa saa, si kwa kilio. Tulipewa parasetamo kila baada ya saa sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Kalala? Mwamshe. Wangu alikuwa na kilo 16, akaandikiwa mililita 10 za ile ya miligramu 120 kwa mililita 5. Wako apimiwe kwa uzito wake, nawe upime kwa bomba la sindano, si kijiko cha chai. Nusu saa baadaye, koo likiwa limetulia, mnyweshe: dafu, maziwa baridi, uji uliopoa.

Dawa ya kikohozi yenye kodeini usiiguse. Marekani walitoa onyo kali mwaka 2013 baada ya watoto kufa. Aspirini nayo huchochea kutokwa na damu. Na ukiona damu mbichi, hata kidogo, hasa kati ya siku ya tano na ya kumi magamba ya kidonda yanapobanduka, kimbia hospitali usiku huohuo.

Mama mwenzangu, usisubiri alie. Nakuomba, usisubiri.

Yule dada nilimwambia asipokojoa hadi asubuhi ampeleke. Saa moja asubuhi akaandika: "Kamaliza kikombe cha uji. Kakojoa."