Mchicha wa ndani wakati wa winta

Dada, huo mchicha wako unaorefuka kama uzi halafu unalala hauna ugonjwa wala haudai mbolea, unatafuta mwanga tu. Minneapolis, huku kaskazini mwa Marekani, mwezi wa 12 mchana haufiki hata masaa 9 na jua lenyewe liko chini, sasa mche hapo dirishani utafanyaje, lazima ujinyooshe kulifuata. Nunua taa ya LED nyeupe ya kawaida, hata zile ndefu za gereji zinafaa kabisa, ining'inize sentimita 20 hivi juu ya majani uwe unaipandisha yanavyokua, weka na taima (kifaa cha kuiwasha na kuizima chenyewe) iwake masaa 14 mpaka 16 kila siku. Usipunguze hapo maana mchicha ukihisi siku fupi unakimbilia kutoa maua, majani yanabaki madogo madogo tu. Na unapenda joto kwelikweli, usiku toa hilo kopo la mchicha hapo kwenye kioo cha dirisha, pana baridi.

Maji ndo wengi wanazidisha, chomeka kidole kwenye udongo, juu kukiwa kukavu ndo umwagie, ukiloweka muda wote utaona vile vijidudu vyeusi vinarukaruka na mizizi inaoza. Mchicha ukisharefuka kidogo kata kichwa uache majani matatu manne chini, utachipua pembeni. Ila kama nyumba yako ni ya baridi we panda sukuma wiki, yenyewe inavumilia, unachuma majani ya chini tu miezi na miezi.