Kabla ya kuandika andiko, jua fedha za mfadhili zinapita mlango gani

Andiko la mradi linaweza kuwa zuri na bado likakataliwa, kwa sababu limepelekwa kwenye mlango ambao fedha hazikupangwa kupita. Serikali inayotoa msaada huamua mapema kama fedha zitaingia hazina ya nchi inayosaidiwa, zitapitia Umoja wa Mataifa au Benki ya Dunia, au zitapewa asasi au kampuni yenye mkataba. Bajeti ikishapitishwa, ubora wa andiko lako hauugeuzi uamuzi huo.

Swali kubwa kwa mfadhili ni hili: fedha zikipotea, tutaliambia nini bunge letu? Msaada wa kibajeti ukiingia hazina huchanganyika na kodi na mapato mengine, na haufuatiliki risiti kwa risiti. Ndiyo maana mfadhili husoma kwanza ripoti za mkaguzi mkuu na tathmini ya PEFA, inayopima usimamizi wa fedha za umma kwa alama za A hadi D. Kashfa moja inatosha kuufunga mlango huu. Malawi ilisitishiwa msaada wa kibajeti baada ya wizi wa fedha za serikali ulioitwa Cashgate mwaka 2013, na Msumbiji mwaka 2016 mikopo ya siri ilipofichuka. Hata hapo misaada haikomi yote. Sehemu yake huhamia kwenye mashirika na asasi, na wizara ndiyo inayobaki haijui nani anafanya nini wilayani. Kwa mishahara ya wahudumu wa afya naona njia hiyo ina madhara makubwa, kwa kuwa mradi ukiisha hakuna kifungu cha serikali cha kuwalipa.

Wafadhili nao hawafanani. Wakiona utawala dhaifu, Marekani, Uingereza na Uswidi huwa wepesi kuikwepa serikali. Ufaransa, Ujerumani na Japani huendelea nayo kwa muda mrefu zaidi.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni idadi ya watumishi. Ruzuku ndogo hudai mkataba, ripoti na ukaguzi karibu sawa na ruzuku kubwa. Ubalozi wenye maofisa wachache utaona heri utie saini mkataba mmoja mkubwa na shirika la Umoja wa Mataifa kuliko kusimamia asasi 40.

Ili kuujua mlango, fungua takwimu za misaada za OECD, jumuiya ya nchi tajiri inayokusanya taarifa za wafadhili; ni bure. Chagua mfadhili, nchi na sekta kwa miaka mitatu hadi mitano, kisha soma safu ya njia ya kupitisha fedha. Msimbo 12000 ni serikali inayopokea. Inayoanza na 2 ni asasi, 41 ni Umoja wa Mataifa, 44 ni Benki ya Dunia, na 6 ni sekta binafsi. Hapa wengi hujikwaa: kinachoandikwa ni mpokeaji wa kwanza tu. Asasi ndogo iliyopata fedha kupitia shirika la Umoja wa Mataifa haionekani kabisa. Takwimu za Marekani za miaka ya nyuma zisome kwa uangalifu pia, kwani tangu Julai 2025 programu zilizosalia za USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, ziko chini ya Wizara yake ya Mambo ya Nje.

Ukikuta ni msaada wa kibajeti, asasi haina pa kuomba; zungumza na wizara kabla vipaumbele vya bajeti havijafungwa. Kwa Mfuko wa Dunia (Global Fund) wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, maombi huandaliwa na kamati ya uratibu ya nchi, kwa mzunguko wa miaka mitatu, kwa hiyo tafuta nafasi kwenye mijadala yake mapema. Kwa Umoja wa Mataifa, jisajili kwenye tovuti yao ya wabia na uwe tayari kupimwa mifumo yako ya fedha.

Halafu piga hesabu. Tuseme mfadhili ametoa dola 1,000,000 kwa shirika linalotoza asilimia 8 ya usimamizi. Asilimia hiyo hukokotolewa juu ya gharama za mradi, kwa hiyo gawa kwa 1.08: zinabaki dola 925,926. Zikipita kwa asasi ya kimataifa inayotoza asilimia 7, zinabaki 865,351. Bado hujatoa mishahara, magari na ofisi za kila ngazi, ambavyo huandikwa kama gharama za moja kwa moja na mara nyingi ndivyo vinavyokula zaidi.

Asasi ya mwisho kwenye mnyororo huambiwa bajeti haina kifungu cha utawala. Inalazimika kumlipa mhasibu kwa fedha za mradi mwingine, mkaguzi anaikataa gharama hiyo, na asasi inadaiwa kurejesha. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, dai mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba: sehemu yako ya gharama za utawala, nani analipia ukaguzi, na nani anabeba hasara sarafu ikishuka.