Baba amefariki, ada bado nusu: aanzie wapi?

Pole sana mdogo wangu. Umesema mzee ametangulia ukiwa mwaka wa pili, huna mkopo, ada imebaki nusu na mtihani umekaribia. Usijifungie hosteli. Kesho asubuhi nenda kwa mshauri wa wanafunzi ukiwa na barua ya kuomba kulipa kwa awamu, na jibu lake liwe la maandishi lenye muhuri, maana ahadi ya mdomo haikuingizi chumba cha mtihani. Mimi niliandika yangu kwenye karatasi ya daftari, nikaambatanisha nakala ya cheti cha kifo cha mama. Niliongezewa wiki sita.

Nyumbani wahimize wafuatilie cheti cha kifo cha mzee mapema. Bodi ya Mikopo (HESLB) inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA, wakala kama huo wa Zanzibar, kama kilitolewa huko. Anza uhakiki sasa, usingoje dirisha la maombi ya mkopo lifunguliwe. Wanaoendelea na masomo nao huruhusiwa kuomba, usidanganywe kwamba ni wa mwaka wa kwanza tu.

Na kama huna hela ya kula leo, mwambie CR wako, yaani mwakilishi wa darasa. Darasa letu lilinichangia, wengine buku buku, nikala mwezi mzima.