Pizza ya maharagwe na mahindi: maji, jamani, maji!

Mmeniandikia wengi kuhusu pizza ya haraka isiyo na nyama, ile yenye ladha za Texas na New Mexico: maharagwe meusi, mahindi, hoho, jira na pilipili.

*Dada, mbona yangu katikati inakuwa tepetepe?*

Maana umemimina maharagwe na maji yake. Nimelisema hili hadi nimechoka. Ya kopo yachuje, yasuuze, yatandaze kwenye kitambaa safi yakauke. Mahindi yatie kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, mpaka punje zipate madoa ya kahawia na zianze kurukaruka. Harufu yake ni ya mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara, nawe utaacha kuniuliza ladha inatoka wapi. Nusu ya maharagwe yaponde kwa uma pamoja na kijiko cha chai cha jira ya unga, pilipili ya unga na chumvi. Hayo ndiyo ya kupaka badala ya sosi ya nyanya. Yaliyobaki nyunyiza juu pamoja na mahindi, hoho na kitunguu. Jibini, gao moja tu. Mnarundika kilima halafu mnalaumu oveni.

*Kinyunya cha hamira kinachukua saa nzima. Haraka iko wapi?*

Tumia tortila ya ngano, au chapati ya jana. Nyuzi 220, dakika nane hadi kumi.

*Sina oveni.*

Kikaango kizito, mfuniko, moto mdogo.

*Niko Nyeri. Njahi zinafaa?*

Zinafaa zikiiva hasa, ila njahi ni mmea mwingine na ganda lake ni gumu. Na wewe unayetaka kutumia maharagwe mekundu makavu: yaloweke, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali si chini ya dakika 10. Yasipoiva yana sumu. Utatapika usiku kucha na utasema ni pizza.

*Mgeni wangu hali nyama. Nimwekee jibini la Parmesan?*

Muulize kwanza. Parmesan halisi hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Cheda nyingi siku hizi hazina hicho, lakini soma lebo.

*Parachichi langu lilitoka chungu.*

Ulilioka. Linakaa juu pizza ikishatoka motoni, pamoja na giligilani na ndimu.

*Tomato sosi ya chupa je?*

Hapana.